Shajara ya mradi: SWOT ya chama chetu cha maziwa, kutoka ukutani hadi kwenye bajeti

Mwisho wa Januari

Mpango mkakati wa chama unaisha mwaka huu. Kamati kuu imekataa pendekezo la kuuongezea muda kwa kubadilisha tarehe kwenye jalada, na imeamua uandikwe mpya. Kazi tumekabidhiwa watatu: mhasibu, mwalimu mstaafu anayeongoza kamati ya usimamizi, na mimi katibu.

Kwa msomaji asiyetujua: sisi ni chama cha ushirika cha wafugaji kwenye miteremko ya Mau, upande wa juu wa Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya. Tuna tangi moja la kupozea maziwa, vituo kadhaa vya kukusanyia kando ya barabara, vijana wa boda wanaobeba mitungi, na mnunuzi mmoja mkubwa anayetuma lori. Wanachama wanatoka jamii mbalimbali, kwa hiyo mikutano yetu ni ya Kiswahili tangu sala ya kufungua hadi mabishano ya mwisho.

Nimeanza kwa kuusoma mpango unaoisha. Ukurasa wa SWOT, kifupi cha Kiingereza cha uchambuzi wa nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, upo, una masanduku manne yaliyojaa pomoni. Nguvu: uongozi bora, wanachama waaminifu. Udhaifu: uhaba wa fedha. Fursa: soko kubwa, teknolojia. Vitisho: madalali, mabadiliko ya tabianchi, siasa. Ukibadilisha jina la chama juu ya ukurasa, jedwali hilo laweza kuwa la chama chochote cha maziwa kutoka Molo hadi Githunguri. Kibaya zaidi, malengo yaliyo kwenye ukurasa unaofuata hayagusi hata neno moja la jedwali. Yaani jedwali liliandikwa, likafungwa, na malengo yakatoka kwingine.

Hatuko peke yetu. Mbinu hii ilianza kukua Marekani miaka ya 1960, Albert Humphrey wa Stanford Research Institute akitajwa sana pamoja na walimu wa biashara wa Harvard. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Terry Hill na Roy Westbrook, walichunguza jinsi kampuni zinavyoitumia. Walikuta orodha ndefu, maneno ya jumla, hakuna kipaumbele, hakuna uthibitisho, na karibu hakuna aliyeyatumia matokeo katika hatua zilizofuata. Nilipowasomea wenzangu maelezo hayo, mhasibu alifungua tena ukurasa wetu akautazama kwa muda mrefu.

Tumekubaliana kanuni mbili kabla ya kuendelea. Ya kwanza, hakuna jambo litakaloingia kwenye jedwali bila ushahidi kando yake: daftari, risiti, barua, au maneno ya mtu aliyeulizwa. Ya pili ni ya kutenganisha ya ndani na ya nje. Kwa kila jambo tutauliza: kamati ikipiga kura leo, inaweza kulibadilisha? Kama inaweza, ni la ndani, na litaandikwa chini ya nguvu au udhaifu hata kama linatuuma. Kama haiwezi, ni la nje, na kazi yetu ni kujipanga nalo.

Februari, wiki za mwanzo

Mhasibu ametoa daftari za mapokezi, za maziwa yaliyokataliwa, za malipo na bili za umeme. Mimi nimekuwa nikienda vituoni alfajiri.

Nieleze kituo kimoja, maana hapo ndipo mradi ulipogeuka. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado uko barabarani, mitungi ya alumini imepangwa mstari. Mpimaji anafungua kifuniko, anainamisha pua, anakoroga, kisha anachota kidogo kwenye bomba la kioo na kutumbukiza laktomita, kipimo kinachoelea kuonyesha kama maziwa yameongezwa maji. Ikisimama kati ya 28 na 32 maziwa hayana maji. Baadaye anachanganya maziwa na alkoholi kiasi sawa kwenye kikombe kidogo na kukizungusha. Yakibaki laini, yanapita. Yakifanya vidonge, yameanza kuchacha, na yakiingia kwenye tangi yanaweza kuharibu ya wanakijiji wote.

Mama mmoja aliyetembea kutoka mbali, mtungi mgongoni, maziwa yake yalifanya vidonge.

"Mama, haya umechanganya na ya jana jioni," mpimaji akamwambia.

"Na ya jana jioni niyapeleke wapi, mwanangu? Nyinyi hamyachukui."

Mpimaji hakuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo. Kituo hufunguliwa asubuhi tu. Maziwa yanayokamuliwa jioni hulala nyumbani bila kupozwa, ilhali ili yasiharibike yanatakiwa yafikishwe nyuzi 4 mapema iwezekanavyo baada ya kukamuliwa. Baridi ya Mau inasaidia kidogo lakini haitoshi. Kwa hiyo mkulima ana njia tatu: ayanywe yote, ahatarishe mtungi wa asubuhi kwa kuchanganya, au amuuzie dalali anayepita na pikipiki jua likitua.

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye karatasi ya rasimu, chini ya udhaifu: chama hakipokei maziwa ya jioni. Ushahidi: ratiba yetu wenyewe, iliyobandikwa mlangoni.

Februari, mwisho

Leo tumefanya warsha kwenye ukumbi wa kanisa. Hatukutaka kikao kimoja cha wote. Tuliwatenga kwa makundi: wanaume wenye namba za uanachama, wanawake, vijana na waendesha boda, na wafanyakazi wa chama. Sababu inajulikana na kila mtu hapa. Namba ya uanachama mara nyingi ni ya mzee wa boma, anayekamua ni mama, na mkiwakalisha pamoja mzee ndiye atakayesema ng'ombe anataka nini.

Kila kundi lilibandika kadi kwenye karatasi kubwa ya kaki. Kisha tukagawa punje za mahindi, tano kwa kila mtu, azipange kwenye kadi anazoona ni nzito zaidi. Ukitaka unaziweka zote tano mahali pamoja. Njia hii naipendekeza kwa yeyote, maana asiyejua kusoma alielekezwa kadi na jirani yake na akapiga kura sawa na mwalimu mkuu. Tena inaondoa ule ugonjwa wa kila jambo kuwa muhimu, kwa kuwa punje zikiisha zimeisha.

Wanaume walirundika punje kwenye "madalali" chini ya vitisho. Lilikuwa rundo kubwa kuliko yote. Mzee mmoja alisimama akataka chama kiiombe kaunti iwafukuze hao watu barabarani.

Upande wa wanawake, dalali hakuwa na punje hata moja. Rundo lao lilikuwa kwenye kadi ya udhaifu iliyoandikwa "malipo." Mwalimu akawauliza, malipo vipi? Wakaeleza kwa utulivu, mmoja akipokea neno la mwenzake. Maziwa ya asubuhi yanaenda chama, na pesa zinaingia kwenye akaunti ya baba. Maziwa ya jioni tangu zamani ni ya mama: ya watoto, na yanayobaki yanauzwa, pesa zinanunua unga, sabuni, dawa, nauli ya kwenda zahanati. Dalali analipa papo hapo, jioni ile ile, mkononi mwa aliyekamua.

"Mkono mtupu haulambwi," mama mmoja alimalizia.

Mhasibu akaleta hesabu yake. Mnunuzi wetu hulipa mwezi ukishaisha, nasi tunalipa wakulima baada ya hapo. Maziwa ya tarehe 1 yanalipwa mwezi unaofuata, ukielekea katikati. Mkulima anakikopesha chama kwa siku zaidi ya 40, bila riba. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: msimu wa mvua bei ya dalali huwa chini kuliko yetu, na bado anauziwa. Basi bei siyo inayompa dalali maziwa. Anayapata kwa sababu anakuja saa ambayo sisi hatuji, na analipa siku ambayo sisi hatulipi, na anamlipa mtu ambaye sisi hatumlipi.

Tulirudi kwenye kanuni ya pili. Kamati ikipiga kura leo, inaweza kubadilisha saa ya kufungua kituo? Inaweza. Siku ya malipo? Kwa mpango wa fedha, inaweza. Jina la anayelipwa? Inaweza. Kadi ya "madalali" ikang'olewa kwenye vitisho, na mahali pake zikabandikwa kadi tatu upande wa udhaifu. Yule mzee alinung'unika, lakini hakupinga. Naye ana mke.

Machi

Wiki hii ni ya kuchuja, na sehemu kubwa imekwenda haraka, kwa hiyo sitaieleza kwa kirefu. "Uongozi bora" umetoka kwa kukosa ushahidi. "Teknolojia" imetoka pia, kwani hakuna aliyeweza kusema teknolojia ipi na ya kufanya nini. "Wanachama waaminifu" imebaki baada ya mhasibu kuonyesha kwamba wengi hawajakosa kuleta maziwa hata miezi ambayo malipo yalichelewa. Hiyo ni nguvu ya kweli, na haifai kuichezea.

Kwenye fursa tulibishana zaidi. Vijana waliandika "Nakuru imekuwa jiji," ambalo ni kweli tangu Desemba 2021, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti. Lakini wingi wa watu pekee si fursa ya chama. Watu hao tayari wanakunywa maziwa ya mtu fulani. Tuliwatuma vijana wenyewe wakaulize. Wamerudi na orodha fupi ya hoteli na shule za bweni kati ya Njoro na mjini zinazotaka maziwa yaliyopozwa yawafikie kabla ya chai ya asubuhi, saa ambazo lori la mnunuzi wetu hata halijafika kwetu. Maziwa ya asubuhi hayawezi kuwahi saa hizo. Ya jioni yakilala kwenye tangi, yanaweza. Hapo fursa ikapata mwili.

Vitisho vilivyobaki ni vichache na ni vya nje kweli: umeme unaokatika, barabara za udongo msimu wa mvua, bei ya lishe ya madukani inayofuata bei ya mashudu ya alizeti na pamba yanayotoka nje ya nchi, na wingi wa maziwa mvua ikinyesha. Kuhusu huo wa mwisho, mwalimu alikumbusha kwamba Machi 2023 Bodi ya Maziwa ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga, ili wakulima wapate nafuu ya soko mvua za masika zikianza. Hatua kama hiyo inatusaidia, lakini haitoki kwetu na yaweza kuondolewa bila kutuuliza. Kwa hiyo wingi wa maziwa umebaki mahali pake.

Machi, mwisho

Sasa hatua ambayo mpango uliopita uliiruka. Mwaka 1982 Heinz Weihrich wa Chuo Kikuu cha San Francisco alipendekeza masanduku haya yapandanishwe: kila nguvu iulizwe inaweza kuifanyia nini kila fursa, kila udhaifu uulizwe unazuia nini, na vivyo hivyo kwa vitisho. Orodha inakupa majina ya mambo, lakini upandanishaji ndio unaokulazimisha kuamua.

Tulikaa watatu ofisini, jedwali mezani, tukapita kisanduku kwa kisanduku. Vingi vilibaki vitupu na tukaviacha vitupu. Kulazimisha kila kimoja kizae mkakati ni njia ya haraka ya kurudi kwenye orodha ndefu.

Udhaifu na fursa: hatupokei maziwa ya jioni, na kuna hoteli na shule zinazoyataka alfajiri. Uamuzi: tufungue vituo jioni, tuanze na barabara moja. Bodaboda wako tayari, na tangi lina nafasi kwa kuwa lori huliacha tupu kila asubuhi.

Nguvu na udhaifu wa malipo: Weihrich hakuwa na kisanduku cha ya ndani kwa ya ndani, lakini sisi tulikihitaji. Wanachama ni waaminifu, na chama hakina fedha za mzunguko. Uamuzi: tukate shilingi moja kwa lita kwa muda maalumu, tujenge mfuko wa kulipia maziwa ya jioni kila wiki kwa M-Pesa, wakati tukisubiri fedha za mnunuzi. Hoteli na shule nazo zinalipa mapema kuliko mnunuzi mkubwa, hivyo mfuko utajazwa kutoka pande mbili.

Udhaifu na kitisho: tukipokea maziwa jioni, usiku mzima yanategemea umeme. Umeme ukikatika saa mbili usiku bila jenereta, hasara inaangukia mfuko ule ule. Mhasibu alikataa kusaini bajeti yoyote isiyokuwa na jenereta, na nakubaliana naye kabisa. Mkakati usiotazama kitisho chake wenyewe ni kamari ya fedha za watu.

Halafu jina la anayelipwa. Hapa tulikaa hadi jioni. Tukipokea maziwa ya jioni na kuyalipa kwenye akaunti ya baba, tutakuwa tumemnyang'anya mama pesa zake kwa jina la maendeleo ya ushirika. Kwenye ripoti, lita zitapanda na kamati itapongezwa; nyumbani, unga utakosekana. Mwalimu alisema chama kikifanya hivyo yeye atajiuzulu, na alimaanisha. Njia tulizoziona ni mbili. Ya haraka: kila mwanachama ajaze fomu ya kumteua mtu wa kupokea malipo ya jioni, mwenye laini yake mwenyewe ya simu. Ya kudumu: uanachama wa mume na mke wote wawili, kila mmoja na kura yake. Hiyo inahitaji kubadilisha sheria ndogo za chama kwenye mkutano mkuu na mabadiliko kusajiliwa kwa Kamishna wa Ushirika, kwa hiyo itachukua muda.

Aprili

Mvua. Barabara mbili za juu hazipitiki kwa pikipiki baada ya adhuhuri, na lori la mnunuzi lilichelewa hadi maziwa ya kituo kimoja yakamwagwa. Jambo hili limetusaidia kuchagua barabara ya majaribio: ile ya changarawe, iliyo karibu na tangi, hata kama ng'ombe wengi wako kwingine.

Kamati kuu imekaa. Shilingi moja kwa lita ilizua maneno mazito, na kwa haki, kwa sababu wanachama wamewahi kukatwa pesa siku za nyuma bila kuona zilikoishia. Ilipita baada ya masharti matatu kuandikwa: mfuko uwe na akaunti yake, salio libandikwe kituoni kila mwisho wa mwezi, na makato yasimame mfuko ukifikisha kiwango kilichokubaliwa. Kura ya fomu ya uteuzi ilipita kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Wajumbe wawili walisema wake zao walishawaambia la kufanya.

Mei

Kituo cha majaribio kimefunguliwa jioni. Mpimaji wa asubuhi hawezi kufanya zamu mbili, hivyo tumemchukua kijana aliyemaliza mafunzo ya maziwa Egerton, chuo kilicho jirani yetu hapa Njoro. Tumepiga marufuku jerikani za plastiki tangu siku ya kwanza, maana hazisafishiki vizuri ndani na harufu ya jana huhamia kwa ya leo. Walioleta plastiki walikopeshwa mtungi wa alumini, watalipa kidogo kidogo.

Yanayoonekana hadi sasa: maziwa yanayokataliwa asubuhi kwenye kituo hicho yamepungua waziwazi, kwa sababu hakuna tena wa kuchanganya. Dalali bado anapita. Baadhi wanamuuzia, hasa siku ya pesa za haraka kama mtoto akiugua, na hatujamgombeza mtu. Malipo ya wiki ya kwanza yalifika kwenye simu Ijumaa mchana, na Jumamosi fomu za uteuzi zilizokuwa zimekwama kwenye droo za nyumbani zilianza kuletwa kituoni.

Yasiyokwenda sawa: shule moja imeomba tupunguze bei wakati wa likizo, nasi hatukuwa tumeiandika likizo popote. Imeingia sasa kwenye jedwali, upande wa vitisho, na ushahidi wake ni kalenda ya shule. Tumekubaliana jedwali lenyewe lipitiwe kila robo mwaka, kadi ziongezwe au zing'olewe, badala ya kungoja miaka mitano.

Juni

Rasimu ya mpango ina kurasa chache kuliko ule wa zamani. Kila lengo lina namba ya kadi lilikotoka, jina la cheo cha anayehusika, na kifungu cha bajeti. Lengo lisilo na kimojawapo limeachwa nje, yakiwemo mawili niliyoyapenda sana: kiwanda kidogo cha mtindi, na shamba la nyasi la chama. Hakuna fedha wala mtu wa kuyasimamia kwa sasa.

Yaliyobaki ni haya. Jenereta: tumepata bei tatu, kamati ichague kabla mwezi haujaisha, na kituo cha pili cha jioni hakifunguliwi mpaka iwe imefungwa na kujaribiwa. Sheria ndogo: mwalimu anaandika kipengele cha uanachama wa wanandoa, kitasomwa vituoni kabla ya mkutano mkuu ili mtu asije akashtukia ukumbini. Barabara mbili za juu: serikali ya kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, kwa hiyo maombi yetu ya changarawe na makalvati lazima yafike ofisi ya wadi Julai, yakiambatana na daftari la maziwa yaliyomwagwa Aprili. Mhasibu anatoa nakala za kurasa hizo kesho.